Saa 45, na Zile Zisizohesabiwa

Azimio la Arusha linakumbukwa zaidi kwa mabenki yaliyotaifishwa. Wachache wanakumbuka kwamba ndani yake mna hesabu ya saa. Katika waraka huo uliotangazwa Februari 5, 1967, TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ilimpigia hesabu mfanyakazi wa mshahara: saa saba na nusu au nane kwa siku, siku sita au sita na nusu kwa wiki, yapata saa 45 kila wiki, na likizo ya wiki mbili au tatu kwa mwaka. Kisha ikamgeukia mkulima na kumuuliza, je, wewe mwenzetu unafanya ngapi?

Jibu halikupambwa. Wanaume wengi wa vijijini, Azimio lilisema, hawafikii hata nusu ya saa hizo. Wanawake wa vijijini wanafanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mijini, walielezwa kuwa nusu ya maisha yao wako likizoni.

Ni nadra chama cha siasa kumwambia mwanachama wake maneno ya namna hiyo usoni. Mtu anaweza kubishana na hesabu zenyewe, maana mkulima hana saa ya kuingia wala ya kutoka, na msimu wa palizi haufanani na miezi ya kiangazi. Lakini Azimio liligusa jambo ambalo takwimu za taifa hulificha mpaka leo. Muda wa kupumzika haupandi na kushuka kwa watu wote kwa pamoja kama bei ya mafuta ya taa. Unagawanywa. Ndani ya nyumba moja mmoja anaweza kuwa likizoni huku mwenzake hajakaa chini tangu alfajiri, na kila saa inapookolewa, kwa sheria au kwa mashine, kuna anayeipata na kuna anayeikosa.

Pwani ya Afrika Mashariki, ugomvi juu ya nani mwenye siku ni wa zamani kuliko saa za ukutani. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba karne ya 19, desturi ilikuwa mtumwa amfanyie bwana wake kazi siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa zibaki zake. Hazikuwa siku za kulala. Ndizo alizolimia muhogo wake, akavua, akauza kidogo sokoni. Thamani yake ilikuwa kwamba hakuna aliyemsimamia.

Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, alitia saini amri ya kuuondoa utumwa kisheria. Waingereza waliokuwa nyuma ya amri hiyo walitumaini kwamba mtumwa wa jana angekuwa kibarua wa kesho, kwenye shamba lilelile, kwa siku zilezile. Wengi walibaki mashambani kweli, ila walipatana upya na wenye mashamba: siku za kumtumikia mwenye mikarafuu zipungue, kipande cha kulima chakula kibaki. Wakapata siku zaidi za kwao. Maofisa nao wakaanza kuandika taarifa ndefu kuhusu uvivu wa Mwafrika, taarifa ambazo ukizisoma leo unaona wazi kwamba uvivu uliolalamikiwa ulikuwa mtu kulima shamba lake badala ya la mwingine.

Bandarini Kilindini, Mombasa, malalamiko hayo yaliendelea kwa nusu karne nyingine. Meli hazikuja kwa mpangilio. Leo zimejaa Kilindini, keshokutwa gati tupu. Kwa hiyo makampuni ya kupakia na kupakua yaliona nafuu kuajiri watu kwa siku. Mtu alifika asubuhi, akichaguliwa akabeba magunia, jioni akalipwa. Mfumo huo uliwafaa matajiri wa bandari, lakini uliwafaa pia vibarua wengi. Mwenye shida ya fedha alikwenda siku kadhaa mfululizo. Mwenye minazi Rabai au muhogo Kwale alirudi kwao kulima, akaja tena mfuko ulipokauka. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeichunguza bandari hiyo kwa kina, ameeleza jinsi vibarua hao walivyojichagulia siku za kufanya kazi na jinsi jambo hilo lilivyoiudhi serikali ya kikoloni. Kwa serikali, mtu huyo alikuwa mtoro. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na kazi mbili, na ya pili haikuwa na mnyapara.

Uhuru huo wa siku ulikuwa na makali yake. Kibarua hana kazi ya kudumu ya kupoteza, tena ana shamba la kurudia, kwa hiyo anaweza kugoma. Mombasa iligoma mwaka 1939. Januari 13, 1947 ikagoma tena, safari hii mji mzima: wafanyakazi wapatao 15,000, kutoka bandarini na relini mpaka mahotelini na majumbani, wakakaa siku 12 bila kushika kazi. Mikutano ilifanyika katika uwanja ambao watu waliubandika jina la Kiwanja cha Maskini, na kutokana na mgomo huo African Workers' Federation ikampata kiongozi wake, Chege Kibachia. Mwezi Agosti mwaka huohuo alikamatwa, akapelekwa kuishi kizuizini mbali na pwani.

Serikali ilijifunza somo lake. Mtu anayejichagulia siku hatawaliki kirahisi, basi afanywe wa kudumu. Katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari waliandikishwa, idadi yao ikapunguzwa, na ambaye hakufika siku za kutosha kwa mwezi jina lake likafutwa. Waliobaki walipata walichokuwa wakikipigania kwa muda mrefu. Mgomo wa bandari wa mwaka 1955, ambao kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, aliingia kuwapatanisha na waajiri, uliwaongezea mshahara kwa theluthi moja. Chama chao kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu nchini Kenya. Wakapata likizo yenye malipo na kazi ya uhakika. Walichotoa ni zile siku za Rabai na Kwale. Minazi ilibaki kwa mke, kwa wazee, au kwa nyasi.

Ni biashara ambayo wengi wangeifanya tena. Isisahaulike tu kwamba ilikuwa biashara.

Kazi ilipokusanywa kwenye saa maalumu, na mapumziko nayo yakakusanyika. Zamani ngoma ilichezwa baada ya mavuno au usiku wa harusi, kazi na starehe vikiwa vimechanganyika katika kalenda moja. Sasa ikaja jioni ya mwisho wa wiki, mtu ana shilingi mfukoni na hakuna anayemtafuta mpaka Jumatatu. Watu wengi wenye saa zilezile za bure ni soko, na wafanyabiashara waliliona mapema. Mashindano ya kwanza makubwa ya soka katika eneo hili, kati ya Kenya na Uganda mwaka 1926, yalichezewa Kombe la Gossage, jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwana wa ukoo wa watumwa kutoka Fumba, alipelekwa Bombay kurekodi taarabu, na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima kwa watu ambao wazazi wao walikuwa na Alhamisi na Ijumaa tu. Dar es Salaam ilianzisha Young Africans, yaani Yanga, mwaka 1935, na mwaka uliofuata timu ambayo leo ni Simba, na tangu hapo Jumapili za mji huo hazijapata utulivu. Mwaka 1966, miezi michache kabla ya Azimio, jiji likafungua sinema ya kutazamwa ndani ya gari. Wasio na magari walipanda ya wenzao, wakajazana mpaka nyuma ya pikapu.

Starehe ya namna hiyo ina bei, na hapo ndipo mzani unapoanza kucheza. Ngoma ya kijijini haikuwa na tiketi. Sinema, redio, jezi na baadaye televisheni zinanunuliwa kwa fedha, na fedha zinapatikana kwa saa za kazi. Mtu anaweza kujikuta akiuza Jumamosi yake ili anunue kitu cha kufurahia Jumapili.

Wamarekani waliujaribu mzani huu waziwazi. Desemba 1, 1930, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kiwanda cha vyakula vya nafaka cha Kellogg mjini Battle Creek, jimbo la Michigan, kiliacha zamu tatu za saa nane kikaweka nne za saa sita, ili watu wengi zaidi wapate ajira. Mwaka huohuo mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya karne moja watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Battle Creek ilionekana kama imeanza safari. Wafanyakazi walipata saa mbili zaidi kila siku na wengi walizipenda. Baada ya vita kuu ya pili, hata hivyo, wanaume wengi walitaka kurudi kwenye saa nane ili wapate mshahara mkubwa zaidi, na uongozi wa kiwanda uliwaunga mkono. Idara zilizoshikilia saa sita kwa muda mrefu zaidi zilikuwa na wanawake wengi, na za mwisho zilifutwa mwaka 1985. Wanawake hao walijua kinachowasubiri nyumbani. Saa mbili zile kwao hazikuwa za kuvua samaki ziwani.

Ndiyo maana ni vyema kurudi kwa yule mwanamke wa Azimio mwenye saa 14.

Kama kuna kitu kilichobadilisha siku yake kuliko sheria yoyote ya kazi, ni mashine ya kusaga. Aliyewahi kutwanga mahindi kwenye kinu, kuyaloweka, kuyaanika na kuyatwanga tena mpaka yawe unga wa ugali wa watu wanane hahitaji kuelezwa. Mashine moja ya dizeli kijijini ilimaliza kwa dakika chache kazi iliyokula asubuhi nzima. Bomba la maji lilifanya vivyo hivyo pale lilipofika, na jiko la gesi linafanya hivyo sasa mijini.

Lakini saa iliyookolewa haikai mezani ikimsubiri mwenyewe. Mashine iko mbali, kuna foleni, na unga unalipiwa, kwa hiyo lazima auze kitu: maandazi, mboga, pombe ya kienyeji. Mtoto aliyekuwa akisaidia kutwanga sasa yuko shuleni, jambo jema, na kuni anazitafuta mama peke yake. Marekani, ambako mashine ziliingia majumbani mapema, mtafiti Joann Vanek alionyesha mwaka 1974 kwamba wake wa nyumbani wasio na ajira walitumia yapata saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani miaka ya 1920, na saa 55 miaka ya 1960. Mashine ya kufulia ilikuwa imekwishaingia. Kilichotokea ni kwamba shati lililokuwa likivaliwa siku tatu likaanza kufuliwa kila siku, na dobi aliyekuwa akija kuchukua nguo akatoweka.

Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa kuhusu matumizi ya muda mwaka 2021. Wanawake walikutwa wakitumia karibu saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na kulea zisizolipwa, wanaume wakitumia chini kidogo ya saa moja. Ni tofauti ya takriban mara tano. Zidisha kwa siku saba, nawe utapata kwamba kazi hiyo isiyolipwa peke yake ni zaidi ya saa 30 kwa wiki, kabla mwanamke hajafungua genge au kuwasha kompyuta ya ofisi.

Mjini wapo waliopata njia. Wameajiri. Mwanamke wa ofisini Dar es Salaam anayerudi saa mbili usiku na kukuta watoto wameoga na wamekula ameununua muda huo kutoka kwa mwanamke mwingine, dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini kulekule kwa yule mama wa saa 14. Dada anaamka kwanza na kulala mwisho. Kwa sheria, yeye ni mfanyakazi kama mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inaweka kikomo cha saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki, na jumla ya saa 45. Ndiyo, 45, ileile ya Azimio. Inatoa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, nao unataja saa 24 hizohizo za wiki. Lakini nani amewahi kumwona mwenye nyumba akiandika saa za dada kwenye daftari? Akiwa amekaa sebuleni anatazama tamthilia huku mtoto amemlalia mapajani, je, yuko kazini au anapumzika? Mwajiri ana jibu lake. Dada naye ana lake, ila haulizwi.

Saa za namna hiyo, ambazo si kazi wala mapumziko, zimeongezeka sana mijini, na mahali pa kuziona ni kijiwe cha bodaboda. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, ikirasimisha kazi iliyokuwa imekwishaenea mitaani. Ukipita kijiweni saa nne asubuhi utakuta vijana wamejilaza juu ya pikipiki, wengine wanacheza drafti, wengine wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Mpita njia husema vijana wa siku hizi hawana kazi. Ni maneno yaleyale ya maofisa wa Mombasa.

Ukweli ni kwamba huyo aliyejilaza ametoka nyumbani kabla ya jua kuwapeleka watu stendi, na atakuwa barabarani mpaka baa zifungwe. Anasubiri, na kusubiri ni sehemu ya kazi ambayo abiria hailipii. Ukimuuliza kwa nini hakutafuta kazi kiwandani, mara nyingi atakwambia hapa hakuna bosi wa kumpangia muda. Ana haki ya kujivunia. Yeye ndiye kibarua wa Kilindini aliyerudi: akitaka anakwenda, akichoka anarudi, akifiwa haombi ruhusa. Tofauti iko kwenye jioni. Pikipiki nyingi si za waendeshaji. Mwenye chombo anataka hesabu yake kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na kama ni pikipiki ya mkataba, kila siku isiyolipwa inaisogeza mbali siku ya kuimiliki. Kibarua wa zamani aliporudi Rabai hakuwa na deni lililokuwa likiendelea kuhesabika nyuma yake. Wa leo akilala siku moja, kesho anaamka akidaiwa mbili.

Programu za kuita usafiri, kama Uber iliyoingia Nairobi mwaka 2015, zimeongeza tajiri mwingine asiyeonekana. Dereva anawasha simu anapotaka na kuizima anapotaka, uhuru kamili. Kisha nauli zinashushwa ili abiria wavutike, na ili apate fedha zilezile inabidi simu ikae imewashwa saa nyingi zaidi.

Kwa mwenye ajira ya ofisini simu imefanya kinyume. Yeye saa zake zimeandikwa kwenye mkataba, ila kundi la WhatsApp la idara halijausoma. Ujumbe wa mkuu unaingia saa tatu usiku, wa kwanza kujibu anaonekana mchapakazi, na asiyejibu anajieleza asubuhi. Ufaransa ilianza Januari 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka katika Seneti mswada wenye wazo hilo, na waajiri wakaupinga.

Tena sheria hizo, hata zikipita zote, zinamhusu aliye na mwajiri na mkataba. Mama ntilie anayewasha jiko saa kumi alfajiri hana wa kumdai saa za ziada, na wateja wake hawana likizo ya siku 28. Kwenye daladala na vijiwe vya Dar es Salaam watu wamejitungia utaratibu wao wa mapumziko bila kumsubiri mbunge. Dereva aliyechoka humwita deiwaka, kijana asiye na gari wala pikipiki yake anayeshinda pale akingoja nafasi hiyo. Mwenyewe analala kivulini, deiwaka anazunguka, na kinachopatikana anabaki na sehemu yake. Hesabu ya tajiri haipungui, kwa hiyo usingizi wa dereva hukatwa kwenye fedha ambazo angerudi nazo nyumbani. Siku za mwisho wa mwezi, abiria wanapokuwa wengi, deiwaka hapati gari. Katikati ya mwezi, abiria wakiwa haba, madereva hupumzika sana.